Kupika kabla ya safari: watu saba, siku nne Ukerewe, naombeni uzoefu wenu

MamaWanne_Igoma

Wakuu habari zenu, wa Mwanza na popote mlipo. Naombeni mnisaidie kwa hili maana nimelizungusha kichwani wiki nzima sipati jibu.

Shule zikifungwa Disemba tunaenda Ukerewe siku nne. Tupo saba, mimi na baba watoto, watoto wanne (mkubwa 14, wa mwisho ana minne) na mama mkwe wangu ambaye ana sukari na hatakiwi chumvi nyingi. Mwaka jana tulienda hivi hivi tukakaa gesti Nansio na chakula chote tukawa tunanunua, asubuhi chai na chapati na supu, mchana wali, usiku wali au ugali samaki. Tuliporudi nikakaa na daftari nikapiga hesabu, chai ilikuwa kama elfu 3 kwa kichwa, mchana elfu 7 na usiku elfu 7, zidisha watu saba unapata 119,000 kwa siku, mara nne ni 476,000, na hapo soda na maji sijaweka. Yaani chakula kilizidi nauli na kulala vyote kwa pamoja. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba huyu mdogo wa miaka minne anawekewa sahani ya mtu mzima, unalipa nzima, anakula vijiko vitano basi. Januari ikafika na ada zake tukaanza kukopa.

Mwaka huu tumepata nyumba ya mtu tunayemfahamu, vyumba viwili, kuna jiko la gesi la plate moja na friji ndogo ile ya kufika kiunoni, sehemu ya kugandishia inaingia vitu vichache. Nyumbani kwangu nina dipu friza, na jirani ananiazima deli la barafu kubwa. Kwahiyo nikawaza nipike kabisa huku Igoma, nigandishe, nibebe, kule iwe kupasha tu.

Sasa maswali yangu, vitu gani nipike kabisa na vipi nisiguse? Mama yangu mdogo anasema nipike pilau ile usiku wa kuamkia safari nijaze hotpoti mbili kubwa, tule kwenye meli na tufikie nayo mpaka chakula cha usiku, ni kweli itakaa? Nyama itafika salama? Na kingine ambacho nakisema kwa dhati, sitaki iwe nimehamisha jiko tu kutoka Igoma kwenda Nansio. Mwaka jana pesa iliniuma lakini kwa mara ya kwanza tangu nimezaa huyu wa mwisho nilikaa chini nikala chakula ambacho sijapika mimi. Hilo nalo nalitaka.

Nyamagana_Juu

Nafuatilia hii, sisi tunaenda Musoma kwa shemeji na tuko tisa.

JikoLaKirumba

Dada karibu sana, hii ndio kazi yangu, napikia vikundi vinavyosafiri, kwaya, misiba ya mbali, wanafunzi wa ziara, kwahiyo nakwambia ninachofanya kila wiki.

Kanuni yangu mimi ni moja, kinachokula moto mwingi na muda mwingi kipikwe nyumbani, kinachoiva dakika ishirini kipikwe huko huko. Maharage yanakula masaa mawili ya gesi, wewe ukiwa na plate moja kule ukiinjika maharage hakuna mtu atakunywa chai mpaka saa nne. Kwahiyo maharage, kande, kisamvu, nyama ya ng'ombe, hivyo vyote unamaliza huku. Ugali, wali, mayai, mchicha, samaki, hivyo vinasubiri huko. Ukishaelewa hapo huhitaji orodha ya mtu.

Sasa namna. Siku mbili kabla ya safari, sio usiku wa mwisho, usiku wa mwisho una kufunga mabegi na mtoto kutafuta kiatu, utaharibu. Siku ya kwanza loweka maharage kilo 2 asubuhi, jioni yachemshe hayo hayo yote mpaka yaive, usiunge. Ukiunga na nyanya na nazi yanachacha haraka kuliko ya kuchemsha tu. Siku hiyo hiyo piga sosi yako ya msingi, na hapa ndio utapenda, vitunguu vingi vikaange vizuri, weka nyanya, karoti, hoho, acha mpaka maji yakauke na mafuta yaelee juu. Ipoe ndio ugandishe kwenye vikontena vidogo vidogo. Kule ukitaka maharage unachukua kontena la maharage na kontena la sosi, sufuria moja, dakika kumi. Ukitaka mayai ya nyanya, sosi ile ile. Ukitaka kumuunga samaki, sosi ile ile. Hukatikati kitunguu hata kimoja siku nne. Na kwa mama mkwe sosi usiweke chumvi kabisa, kila mtu ataongeza kwenye sahani yake.

Siku ya pili nyama. Kilo 3 inatosha watu saba kwa milo miwili mitatu ukizingatia na watoto. Katakata ndogo, chemsha na tangawizi na vitunguu saumu mpaka iive kabisa na ibaki na supu kidogo, ipoze, gandisha na supu yake. Usiikaange, nyama ya kukaanga ikigandishwa ikapashwa inakuwa kama kamba.

Chapati pika zote 30, zipoe kabisa zikiwa zimetandazwa, usizifunike za moto maana jasho lake ndio linaleta ukungu, halafu panga tano tano unafunga. Mafungu mawili ya kuliwa siku ya safari yasigande, mengine yaingie friza. Maandazi yasiwe na tui la nazi, weka maziwa ya unga au maji tu, yakaange yaive mpaka ndani, yatakaa siku tatu hayana shida.

Kugandisha tumia kontena bapa, sio ndoo. Kitu kilichosambaa kinaganda haraka na kinayeyuka haraka, ukigandisha maharage kwenye ndoo ya lita tano utakaa unaipiga na kisu kule Nansio watoto wanalia njaa. Na andika juu kwa kalamu kipi ni kipi, kila kitu kikiganda kinafanana.

Hilo la kupumzika nitalisemea. Huyo mtoto wa miaka 14 na wanaomfuatia wakae na wewe hizo jioni mbili, mmoja anamenya, mwingine anasukuma chapati, mwingine anaandika majina kwenye kontena. Na baba watoto apewe ugali na wali wa kule, siku zote nne. Kupasha maharage na kusonga ugali hakumshindi mtu mzima.

MuuguziWaZiwa

Habari dada. JikoLaKirumba ameeleza vizuri sana, mimi naongezea upande wa usalama maana mimi ni muuguzi na watu wa kuharisha na kutapika baada ya safari na sherehe nawaona kila msimu wa sikukuu.

Pilau ya hotpoti naomba usifanye hivyo, nakuomba kabisa. Mchele una vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemka. Wali ukiwa wa moto kabisa hakuna shida, ukiwa wa baridi kabisa hakuna shida, ila ukishakuwa vuguvugu zile mbegu zinaamka zinazaliana na zinatoa sumu, na ile sumu hata ukipasha wali mpaka utoe mvuke haiondoki. Ndio maana mtu anakwambia mbona nilipasha vizuri na bado tumeugua. Hotpoti nzuri inashika moto masaa machache, ukiipakia saa kumi alfajiri, saa saba mchana ukifungua unakuta vuguvugu, na huo ndio ujoto ambao vijidudu vinaupenda. Kipimo tunachofundisha ni kwamba chakula kilichopikwa chenye unyevu, kama wali, nyama na maharage, kisikae zaidi ya masaa mawili kwenye joto la kati ya nyuzi 5 na 60. Mwanza yetu mchana inacheza kwenye nyuzi 28 hivi, kwahiyo meza ya jikoni, begi, meli, vyote viko humo humo kwenye hatari.

Kwa hiyo chakula cha kwenye meli kiwe kikavu. Chapati zilizopoa, maandazi, mayai ya kuchemsha mliyobeba na maganda yake (haya yaliwe mapema, ndani ya masaa mawili hayo), karanga, ndizi, machungwa. Safari ni masaa matatu na kitu, watoto hawatakufa njaa.

Cha pili, kupoza. Watu wanakosea hapa kuliko sehemu nyingine yoyote. Usichukue sufuria la moto ukaingiza friza, litapasha vitu vingine vyote na lenyewe katikati litakaa vuguvugu usiku mzima. Pia usiliache mezani mpaka asubuhi ukisema linapoa. Gawa kwenye vyombo bapa, weka vyombo juu ya beseni la maji ya baridi, badilisha maji mara mbili, ndani ya saa moja na nusu hivi kimepoa unaingiza. Ukishakiyeyusha na kukipasha kule, kipashwe mpaka kichemke chote na kibaki kinatokota, na kinachobaki mezani msikirudishe kwenye friza.

Cha tatu, kuna watu wanasaga vitunguu saumu na tangawizi wanachanganya na mafuta wanaweka kwenye chupa wanasafiri nayo kwenye begi. Vitunguu saumu vibichi ndani ya mafuta visikae nje ya baridi, vigandishe kama vingine au saga huko huko.

Kuhusu mama, kama anatumia vidonge vya sukari au sindano, ratiba ya kula ni muhimu kama chakula chenyewe. Siku za safari watu wanachelewa kula mpaka saa tisa, yeye asisubiri, awe na chakula chake kidogo mkononi muda wote. Kule apewe ugali wa dona kiasi, maharage, mboga za majani nyingi, samaki wa kuchemsha au wa kuchoma. Na kama ni sindano ya insulini usiilaze juu ya barafu moja kwa moja, ikiganda imeharibika hata kama baadae itayeyuka na kuonekana kawaida. Izungushie kitambaa iwe juu kabisa ya deli.

Na jingine ambalo halikuulizwa ila siwezi kupita bila kulisema. Mkiwa ufukweni vyombo na mboga msioshee maji ya ziwa. Kipindupindu kinapita humo, na kichocho kipo huku kwetu, konokono wake wanakaa pale pembeni penye majani na maji yaliyotulia, ambapo ndio watoto wanapenda kuchezea. Maji ya kunywa na kuoshea matunda yachemsheni mpaka yatokote kweli kweli.

Mvuvi_Nansio

Dada karibu kisiwani. Mimi niko huku, samaki usibebe kutoka Mwanza hata mmoja. Samaki wa soko la Mwaloni hapo Mwanza wengine wametoka huku huku kwetu, unataka umrudishe alikotoka ukiwa umelipia barafu ya nini?

Nenda mwaloni wa huku, pale mitumbwi inaposhusha samaki, asubuhi mapema ikiingia, mpeleke na baba watoto na wale watoto wakubwa, wataona. Angalia mashavu yawe mekundu, jicho limejaa halijazama, ukibonyeza nyama inarudi. Kama mashavu yamekuwa ya kahawia achana naye hata akishushwa bei. Sato chini ya sentimita 25 na sangara chini ya sentimita 50 usinunue, haviruhusiwi, na mnatumalizia ziwa. Mwambie anayekuuzia akutolee magamba na matumbo hapo hapo, ni pesa ndogo unampa, unarudi nyumbani unaosha unainjika.

Dagaa ndio angalia mwezi. Sisi dagaa tunavua kwa taa gizani, mbalamwezi ikiwa kubwa dagaa hawaji kwenye taa, tunapumzika na bei inapanda. Kama safari yenu inaangukia mwezi mpevu nunua dagaa wako kabla. Na ununue waliokaushwa kwenye chanja, sio wa mchangani, wa mchangani utaosha maji saba na bado mtoto anatafuna mchanga.

Muhogo na machungwa pia msibebe, mtavikuta.

MamaWanne_Igoma

Jamani mmenifungua macho. Muuguzi asante sana kwa la pilau, nimemsomea mama mdogo kwa sauti, amenyamaza kwanza halafu akasema mwaka ule wa kipaimara watu waliumwa kumbe ndio hiyo. Mama mkwe ni vidonge sio sindano, ila la kula kwa wakati nimelichukua maana kweli mwaka jana siku ya kwanza alitetemeka kwenye meli tukadhani ni baridi ya ziwa.

Swali la nyongeza, deli nalipangaje? Na mtungi wa gesi wa kilo 6 naweza kubeba kwenye meli au ninunue huko?

Usagara_Geita

Deli nakujibu mimi, kwa miaka mingi tumekuwa tunapeleka chakula kwa wazee Chato. Zamani kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa (lilifunguliwa Juni 2025) tulikuwa tunapanga deli kwa kuhesabu foleni ya kivuko, maana unaweza kufika Kigongo ukakaa masaa juani gari imezimwa, kwahiyo tulijifunza kwa shida. Siku moja tulifika Busisi nyama inaelea kwenye maji, tukaimwaga yote, mke wangu alilia.

Deli usiku kabla ya safari liwekee barafu au maji ya baridi lipoe lenyewe kwanza, deli la moto linakula barafu ya kwanza yote bure. Barafu tumia ya kipande kikubwa, sio iliyopondwa, kipande kikubwa kinachelewa kuyeyuka. Mimi nagandisha chupa za maji za lita moja na nusu kama sita, usizijaze mpaka juu zitapasuka, nazipanga chini na pembeni. Zikiyeyuka ni maji ya kunywa na hazilowanishi chakula. Vyakula vilivyoganda vipangwe vimegusana kabisa hakuna nafasi, penye uwazi jaza taulo. Cha kuliwa mwisho kiwe chini, cha kuliwa leo juu. Halafu soda na maji ya watoto viwe kwenye begi lingine kabisa, hili deli lisifunguliwe mpaka mfike. Kila mtoto akifungua kutafuta soda baridi inatoka. Sisi tulilipiga gundi ya karatasi.

Gesi nisingebeba. Mitungi kwenye vyombo vya abiria ina utaratibu wake, waulize wenyewe wa meli kabla hujafika bandarini, lakini kama nyumba ina jiko la gesi mwulize mwenye nyumba mtungi una kiasi gani, mpe pesa ajaze kabla hamjafika. Na mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 2019, bebeni vikapu, vinasaidia na sokoni.

Kapripointi

Kwa ambao hela ya kusafiri haipo mwaka huu, hata kisiwa cha Saanane hapa Mwanza mjini kinafaa mkiwa na chapati zenu na mayai na maji, boti ni dakika chache. Sisi tulienda watoto watano, chakula tulichobeba kilikuwa cha elfu 20 tu.

BibiMagu

Wanangu hamjambo. Mjukuu wangu ndio ananiandikia hapa, amenisomea yote mliyoandika nikasema nami niseme.

Haya mambo ya kupika kabla ya safari sisi Wasukuma tumeyafanya kabla umeme haujafika Magu. Viazi vitamu vikitoka shambani unavitenga, vingine unavikata vibichi unavianika, hiyo ni michembe. Vingine unavichemsha kwanza, unavikata, unavianika juu ya mwamba mpaka vikauke kama gome, hayo ni matobolwa. Vinakaa mwaka mzima kwenye kihenge haviozi, havitaki barafu, havitaki friza. Baba yangu akienda kuchunga mbali na ng'ombe alikuwa anafunga matobolwa kwenye kitambaa na kibuyu cha maziwa, siku nne tano hajui njaa. Unatafuna makavu hivyo hivyo, ni matamu yenyewe, au unaloweka.

Sasa wewe mwanangu wa Igoma, nenda sokoni ununue michembe kilo moja na karanga. Karanga uzikaange, uzisage huko nyumbani, uweke kwenye chupa kavu. Kule unaichemsha michembe, ikilainika unatia karanga, unakoroga, imekwisha. Watoto wa mjini watasema hawali, siku ya kwanza watasema hivyo, usiwasikilize, wakitoka kwenye maji wana njaa watakula. Ila huyo mama mwenye sukari apate kidogo sana, ni tamu ile.

Dagaa wakaange wakauke kabisa bila nyanya na bila kitunguu, weka kwenye kopo lenye mfuniko. Wanakaa. Mwenye njaa usiku anachukua.

Mkwe wako akiwa mkubwa kwa umri mpe kazi ya kukaa, achambue mchicha, azungumze na watoto. Mzee akienda safari akakalishwa tu kama mgeni anaona amekuwa mzigo.

MamaWanne_Igoma

Shikamoo bibi. Wabeja (asante) sana. Michembe nitanunua kesho kutwa.

MamaWanne_Igoma

MREJESHO. Wakuu tumerudi juzi, niliahidi nitarudi na hesabu.

Tulipika Jumatatu na Jumanne jioni, tukasafiri Alhamisi, Jumatano nikafunga mabegi kwa amani ambayo sijawahi kuwa nayo. Kijana wangu wa 14 alisukuma chapati 30, za mwanzo zilikuwa na ramani ya Afrika za mwisho duara kabisa. Deli tulipanga kama alivyosema ndugu wa Usagara, chupa sita, taulo, gundi. Tulipofungua Nansio mchana nyama ilikuwa bado jiwe.

Nyama kilo 3 ilikuwa 36,000, maharage kilo 2 elfu 6, ngano elfu 10, mchele 13,000, dona 7,500, mafuta lita 2 elfu 12, trei ya mayai 9,500, nyanya vitunguu na viungo vyote elfu 15, sukari majani ya chai na vitu vidogo elfu 8, barafu ya kuongezea siku ya pili elfu 4, samaki tulinunua mwaloni mara tatu jumla 45,000. Hiyo ni 166,000. Usiku wa mwisho tukaenda kula nje wote saba, tukaagiza sahani tano tukagawana, 55,000. Jumla 221,000. Mwaka jana ilikuwa 476,000. Tumebaki na 255,000 na nimeshaipeleka kwenye ada, sijaikalia hata siku moja. Gesi mwenye nyumba alikataa hela, tukamwachia machungwa na chapati.

Yaliyoenda vibaya nayo niyaseme ili mwingine asirudie. Friji ya kule ilikuwa ndogo kuliko nilivyokumbuka, siku ya pili umeme ukakatika toka saa sita mpaka usiku, nyama iliyobaki ikaanza kulainika, sikutaka kubahatisha nikaichemsha yote jioni ile ile tukaila yote. Kwahiyo ningejua ningepanga nyama yote iliwe siku mbili za kwanza na siku mbili za mwisho ziwe samaki na maharage na mayai. Sosi nilitengeneza ndogo, iliisha siku ya tatu, JikoLaKirumba mara nyingine nafanya mara mbili yake. Kisamvu hakuna aliyekigusa zaidi ya mimi na mama mkwe.

Michembe bibi ulisema kweli. Wa kwanza alisema ni magome. Siku ya tatu wakatoka ufukweni saa kumi, nikaweka bakuli katikati bila kusema neno, nilipogeuka huyu mdogo alikuwa anakwangua chini kwa kidole.

Mama mkwe alikula kwa wakati wake siku zote nne, kopo lake la karanga na yai hakulitoa mkononi kwenye meli, hakutetemeka. Asubuhi alikuwa anakaa barazani anachambua mchicha na wajukuu anawahadithia walivyokuwa wanavuka na mtumbwi wa makasia, hadithi ambazo mume wangu mwenyewe alikuwa hajawahi kuzisikia, nikamuona amesimama mlangoni na mwiko wa ugali anasikiliza mpaka ugali ukaungua chini.

Na mimi nilikaa. Siku ya pili saa nane mchana nilikuwa nimekaa kwenye mkeka chini ya mwembe, nimekula, vyombo wanaosha wengine, nikalala usingizi mpaka jua likazama.

Nyamagana_Juu

Hongera sana dada. Naomba kuuliza, sosi kwa watu tisa siku tano nyanya kiasi gani?

JikoLaKirumba

Tisa kwa siku tano chukua nyanya kilo 6 na vitunguu kilo 2 na nusu, karoti kilo moja, hoho nane. Gawa kontena kumi, mbili kwa siku. Anza mapema, nyanya kilo 6 kukauka maji ni zaidi ya saa moja na nusu motoni, na tumia sufuria pana sio ndefu.